Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye majani ya muhogo, Aguti alikuwa ameshafagia uwanja, ameteka maji na kuwasha moto jikoni. Usimwone mdogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, mwembamba kama ufito, lakini ukimpa kazi aliimaliza, na akishaimaliza alisimama pembeni akingoja asifiwe. Asiposifiwa, alinuna mpaka jioni. Ndivyo alivyokuwa, nasi hatutamficha.

Kwao kulikuwa Masaba, upande wa Uganda, kwenye barabara ya vumbi iendayo mji wa Busia. Mama yake, Taaka, Msamia mchapakazi mwenye sauti ya kusikika hata kwa jirani, aliuza nguo za mitumba karibu na mpaka. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama. Baba yake, Emojong, Mwiteso mpole, alikuwa kibarua huko Osukuru, Tororo, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki tu. Halafu palikuwa na Obore, mdogo wake Aguti, mtoto wa miaka mitano. Huyo ndiye aliyeinyima nyumba nzima usingizi.

Obore alikuwa mgonjwa wa tumbo. Leo aliharisha, kesho hakupata choo kabisa, keshokutwa tumbo lilijaa gesi hadi akalia. Na kila alipolia, mama yake alikimbilia duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili. Tumbo likiuma, rangi mbili. Akikohoa, rangi mbili. Mafua kidogo tu, rangi mbili. Mtoto hakupimwa, wala hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Tena alikuwa hataki chakula kingine ila chapati, mandazi na soda, na mama, kwa huruma, alimpa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Obore alikonda mpaka mbavu zikahesabika.

Mwishowe Sista Apendi, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima, akakataza vile vidonge. Siku hiyo Aguti alikuwa shuleni, hakuyasikia maelezo. Alichosikia ni mama yake akirudi na kusema, "Sista anataka ale uji wa wimbi, mboga, matunda na maziwa lala. Eti dawa basi! Haya, tutaona." Baba alipopata habari, alimleta mama yake mzazi kutoka Osukuru aje kugandisha hayo maziwa. Alisema tumbo la Obore likitulia, muhula ujao mtoto ataanza shule. Lisipotulia, atabaki nyumbani mwaka mwingine.

Basi akaja Tata Adeke. Tata ndivyo Waiteso wanavyomwita bibi. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amekipakata kibuyu chake cha maziwa kama anayepakata mtoto mchanga.

Kibuyu hicho kilikuwa na masharti yake. Kwanza Tata alichemsha maziwa mpaka yakafura, akayaacha yapoe. Kisha alisuuza kibuyu kwa maji ya moto, akakisugua ndani kwa brashi ya kijiti cha mtende, akakikausha na kukifukiza moshi kwa kijinga cha moto. Maziwa ya zamani hakuyamaliza kamwe. Mengine kidogo aliyahifadhi katika kikombe chenye kifuniko, akayarudisha kibuyuni pamoja na maziwa mapya.

"Hii ni mbegu," alimwambia Aguti. "Bila mbegu, maziwa hayagandi, yanaoza tu. Nilipewa na mama mkwe wangu nilipoolewa, naye alipewa na wake. Na kibuyu hiki hakijui sabuni. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Kusikia alisikia. Obore naye alikunywa yale maziwa, akala uji wa wimbi usiochujwa, majani ya kunde na mapera. Siku za mwanzo alilalamika sana. Kisha, taratibu, tumbo likaanza kumwachia. Akacheka. Akaanza tena kukimbiza kuku. Hata Taaka, ambaye hakukipenda kile kibuyu tangu kilipoingia nyumbani, alinyamaza.

Lakini shuleni Aguti alikuwa mwanachama wa Klabu ya Afya, na huko wimbo ulikuwa mwingine. Mwalimu Rasto, mlezi wa klabu, alikuwa amebandika ukutani picha ya kijidudu chenye pembe na meno. "Vijidudu ni nini?" aliuliza kila mkutano. "Maadui!" waliitikia wote. "Tuvifanye nini?" "Tuviue!" Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Aguti.

Siku moja rafiki yake Maggie, katibu wa klabu, alipita kwao kuchukua kitabu. Alikiona kibuyu pembeni mwa jiko, akakisogelea, akabana pua.

"Mungu wangu! Kinanuka moshi na uchachu. Mnampa mtoto mgonjwa vitu vya humu?"

"Ni vya Tata," Aguti alisema haraka, uso ukimwaka.

"Jumamosi mwalimu anakuja kukagua nyumba zetu. Akikiona hiki, umeumia."

Maneno hayo yalimkaa Aguti rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Alitaka nyumba yao ishinde. Tena alitaka itajwe mbele ya shule nzima.

Ijumaa Tata aliitwa matangani Dabani, alikofiwa na ndugu wa ukweni. Kabla ya kuondoka alimshika Aguti bega. "Nakuachia mtoto, nakuachia na kibuyu. Fanya kama nilivyokuonyesha."

Jumamosi asubuhi mama alikuwa sokoni, na baba alikuwa amebaki Osukuru kwa sababu ya kazi ya ziada. Aguti alikitazama kibuyu. Ndani kilikuwa cheusi, na harufu yake ilimpanda puani. Alifikiri juu ya ile picha yenye pembe na meno. Akajiambia, "Tata ni mtu wa zamani, hajafundishwa habari za vijidudu. Nikikisafisha, nitamsaidia Obore." Na lile jambo jingine, kwamba alitaka sifa, hakujiambia.

Alimwaga maziwa yote yaliyobaki, hata ya kwenye kikombe. Alitia sabuni ya unga, akasugua. Alitia ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ambayo mama yake alitumia kwa mashati ya mitumba, akakiacha kibuyu kiloweke. Akasuuza, akapaka mafuta kwa nje mpaka kikametameta, akakiweka juu ya kichanja cha vyombo.

Mwalimu Rasto alikuja na wanafunzi wake. Akakagua choo, shimo la taka na mtungi wa maji. Kwenye kichanja akasimama. "Hebu tazameni! Hata kibuyu kinang'aa. Hongera, Aguti. Hii ndiyo nyumba ya mwanachama wa Klabu ya Afya." Wenzake wakapiga makofi. Maggie akamkonyeza. Aguti alisikia raha isiyo na kifani.

Walipoondoka, alichemsha maziwa, akayapoza, akayamimina kibuyuni. Ndani mlikuwa bado na unyevu, na hakukifukiza moshi. Mbegu ya kutia hakuwa nayo tena. "Yataganda tu," alisema.

Jumapili mchana, waliporudi kutoka kanisani, alikifungua. Lo! Maziwa yalikuwa yamejitenga. Juu palikuwa na maji ya rangi ya manjano, chini palikuwa na utelezi, na harufu yake haikuwa ule uchachu aliouzoea. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, na ndani yake kwa mbali mlikuwa na ile dawa ya nguo. Angeyamwaga, mama angeuliza kwa nini leo Obore hana maziwa. Angesema, ingejulikana alichofanya. Akachukua kopo la sukari, akatia vijiko, akakoroga.

"Aguti, haya si matamu," Obore alisema baada ya funda la kwanza. "Yanachoma."

"Kunywa. Leo kibuyu ni kisafi kuliko siku zote."

Obore alimwamini dada yake. Akanywa yote.

Kulipopambazuka Jumatatu, Obore alikuwa ameshatapika mara kadhaa na kuharisha maji matupu. Macho yalimzama. Alipolia hayakutoka machozi. Taaka hakwenda sokoni. Alizunguka chumbani huku akiomba Mungu na kugomba kwa pamoja, na Aguti alichukua beseni, akamwaga, akaleta jingine, bila kumtazama mtu usoni.

Tata aliingia uwanjani asubuhi hiyo hiyo kutoka matangani, hata hajaweka mzigo chini.

"Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi kuna nini?" Taaka alifoka. Mkwe hamfokei mama mkwe, si kwa Wasamia wala kwa Waiteso, lakini hofu ilikuwa imemtoa akili. "Ni kibuyu chako! Nilinyamaza kwa heshima. Kitu hakioshwi kwa sabuni mwaka hadi mwaka, halafu tunamnywesha mtoto! Angalia sasa!"

Tata alimgeukia Aguti. "Ulifanya kama nilivyokuonyesha?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa wazi kabisa, na Aguti aliiona.

"Ndiyo, Tata."

Taaka hakungoja zaidi. Alikinyakua kibuyu, akamwaga kilichobaki, akaenda nyuma ya nyumba ambako takataka zilikuwa zikiungua, akakitupa motoni. Kibuyu kilichopakwa mafuta hakichelewi kuwaka. Tata alisimama akikitazama mpaka kikapasuka.

"Tumpeleke kwa Sista," alisema mwishowe.

"Sista ndiye aliyetukataza dawa! Sitamsikiliza tena." Taaka alifunga kitambaa kichwani, akasimamisha bodaboda barabarani. Alikuwa anakwenda duka la dawa.

Tata aliingia chumbani, akatandaza kanga kitandani, akaanza kukunja nguo zake. Aguti alikaa kwenye mkeka, kichwa cha Obore mapajani. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka.

"Tata anaenda wapi?" Obore aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyumbani kwake."

"Kwa nini?"

Machozi yalimdondoka Aguti, moja likamwangukia Obore shavuni, naye akalipangusa. Alijua vizuri anachokifanya. Bibi yake anaondoka kwa aibu ya kosa lisilo lake. Na mama yake anarudi na vile vile vidonge ambavyo Sista alivikataza. Vikimwingia Obore tumboni leo, katika hali hii, itakuwaje? Alifungua mdomo amwite Tata. Akaufunga. Ni ajabu jinsi maneno machache yanavyoweza kuwa mazito kuliko mtungi wa maji.

Bodaboda ilinguruma nje. Taaka aliingia akihema, akavunja kidonge cha rangi mbili, unga wake akaumimina kijikoni na kutia maji.

"Mwinue ndugu yako. Fungua mdomo, baba."

Obore aligeuza uso. Taaka alimshika kidevu. Kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni.

"Mama, usimpe!" Aguti aliruka, akaupiga mkono wa mama yake. Kijiko kikaanguka, unga ukamwagika kwenye mkeka.

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Si kibuyu, Mama. Ni mimi! Nilikiosha kwa sabuni na ile dawa ya nguo. Nilimwaga mbegu yote. Maziwa yalioza, nikaona yameoza, nikatia sukari nikampa. Tata hana kosa. Tata hakuwepo!"

Sasa alikuwa akilia kwa kwikwi, maneno yakitoka yenyewe. Mkono wa Taaka ukainuka, mkono wa mtu aliyezoea kubeba marobota ya nguo. Tata alikuwa amesimama mlangoni na furushi lake.

"Taaka," alisema, "mkono huo umbebe mgonjwa kwanza. Twende kwa Sista."

Walikwenda, wote wanne, kwenye bodaboda mbili. Sista Apendi alimvuta Obore ngozi ya tumbo kwa vidole, akaona inavyochelewa kurudi, akakunja uso. Hakupoteza muda. Alikoroga pakiti ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, akamwonyesha Taaka namna ya kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, akampa na vidonge vya zinki.

"Alikula nini? Nataka ukweli wote, maana nikibahatisha nitakosea."

Taaka na Tata walimtazama Aguti. Akasema tena. Safari hii hakuacha kitu. Alitaja dawa ya nguo, alitaja unyevu, alitaja sukari, na alitaja hata Jumamosi ya ukaguzi.

Sista alisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vibaya sana," alisema, "na sasa umenisaidia sana. Dawa ya nguo ni sumu kwa mtoto. Lazima nijue hilo ili nimwangalie vizuri. Hatatoka hapa leo."

Jioni, Obore alipoanza kupata mkojo na kuomba maji mwenyewe, Sista alivuta kiti karibu na kitanda. Taaka alitoa vile vidonge vya rangi mbili mfukoni, akavishika kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

"Sista, niambie kweli. Hivi vina ubaya gani? Si vinaua vijidudu?"

"Vinaua, na ni dawa ya kweli, mama. Mtu akiwa na ugonjwa unaovitaka, vinaokoa maisha. Lakini haviulizi nani mwema na nani mbaya. Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu mna vijidudu vingi kuliko watu wote wa Uganda na Kenya. Vichache ni vibaya. Vingi vinatutumikia. Vinasaga kile tusichoweza kusaga wenyewe, vinatengeneza baadhi ya vitamini, na vinajaza nafasi ili vile vibaya visipate pa kukaa. Umewahi kuona mtu amemwagia shamba lote dawa ya magugu?"

"Mahindi nayo hufa," Taaka alisema polepole.

"Ndivyo lilivyokuwa tumbo la Obore. Kila wiki ulikuwa unalimwagia. Ndiyo maana niliagiza maziwa lala. Huleta vijidudu vyema, ilimradi maziwa yawe yamechemshwa kwanza, kama mama mkwe wako anavyofanya. Wimbi, kunde na mboga za majani vina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo chakula cha hivyo vijidudu vyema. Ukikaribisha wageni usiwapikie, watakaa?"

"Watakwenda zao," Tata alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu kidogo.

"Basi. Na matunda, hasa yale yenye rangi nzito kama zambarau na pasheni, pamoja na mapera, mpeni kila mnapoyapata. Rangi hiyo si pambo, ina virutubisho vinavyousaidia mwili kujikinga usiumie ndani kwa ndani. Soda na mandazi vitoeni. Lakini sikilizeni, na hili nalisema kwenu wote. Maziwa lala si dawa ya kila kitu. Mtoto akiharisha na kutapika namna hii, mleteni hapa, msianze kubishana nyumbani."

"Na sabuni, Sista?" Aguti aliuliza kwa woga.

"Sabuni ni rafiki yako. Osha mikono, osha matunda, osha sufuria. Lakini kila chombo kina utaratibu wake. Uliza kabla hujafanya."

Taaka aliinuka pale alipokaa. Akaenda mbele ya Tata Adeke, akapiga magoti sakafuni, mbele ya wagonjwa na wauguzi.

"Mama, nilikufokea. Nilichoma mali yako. Nisamehe."

Tata alimshika mkono. "Inuka. Ulikuwa unampigania mtoto. Hata mimi ningegomba." Akamwinua. "Ila kibuyu kile kiliniuma. Kiliniuma kweli."

Obore alirudishwa nyumbani akiwa hai, na Mungu ashukuriwe. Lakini tumbo lilikuwa limerudi nyuma tena. Uji alikula kidogo, akachoka haraka, na ile mbegu ya maziwa ilikuwa imekufa. Maziwa ya dukani yalikuwepo Busia, naye alipewa, lakini Tata hakutulia. Alisema mbegu ya ukoo wao ilikuwa bado hai kwa Acom, wifi yake mkongwe aliyebaki Osukuru.

"Mtu aliyeipoteza ndiye anayekwenda kuiomba," Tata alimwambia Aguti. "Na kwetu mbegu haiombwi kwa uongo. Atakuuliza ya kwanza iliuawa na nini, nawe utamwambia. Akiona unamficha, hatakupa."

Aguti alitamani ardhi immeze. Lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda, akapiga magoti mbele ya bikizee mwenye macho makali, huku majirani wawili watatu wakisikiliza. Akaeleza. Acom alisikiliza huku akitafuna ufizi, kisha akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Dawa ya mashati! Ulikiogesha kama bwana harusi! Hata mafuta ukakipaka!" Majirani wakacheka naye. Aguti aliinamisha kichwa, masikio yakimwaka. Kicheko cha Acom kikakatika ghafla. "Na sukari, nani alikuambia utie?"

"Hakuna, Bibi. Nilitia mwenyewe, ili nisijulikane."

"Hiyo haichekeshi," Acom alisema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba, akakiweka mikononi mwa Aguti. Alimwongezea na kikapu cha zambarau alizozichuma asubuhi hiyo. "Mpelekee mgonjwa. Zioshe, kisha mpe."

Jumatatu Aguti alimwendea Mwalimu Rasto kabla ya kengele, akamwomba afute ile hongera. Mwalimu alimpa nafasi aseme mbele ya klabu yote. Maggie aliinama chini tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, mwalimu aliitazama ile picha yenye pembe na meno ukutani, akakuna kidevu. "Niliwafundisha upande mmoja wa somo," alisema. "Leo tutaanza wa pili." Wiki hiyo hiyo alimwalika Sista Apendi.

Obore hakupona kwa siku moja. Palikuwa na siku nzuri na siku mbaya, na Aguti ndiye aliyeamka naye zote. Alisaga wimbi, akachuma kunde, akaosha zambarau moja moja mpaka vidole vyake vikageuka rangi. Mama yake alipita soko la Busia kila jioni kutafuta pasheni, na duka la dawa alilipita bila kugeuza shingo. Muhula mpya ulipofunguliwa, Obore alivaa sare iliyompwaya, akashikwa mkono na baba yake, akaenda shule.

Jioni ya siku hiyo Tata alikuwa akimimina maziwa kutoka kwenye kibuyu kipya, Aguti akimshikia kikombe. Jambo moja lilikuwa linamsumbua, akalisema.

"Tata, kwa nini bado unaniachia kibuyu?"

Tata hakuacha kumimina. "Ulipokiosha, hukujua madhara yake. Asiyejua hufundishwa, na wewe umefundishwa. Lakini ulipochukua sukari ulijua, na mama yako alipochoma kibuyu ulijua, na nilipokuuliza ulijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulitaka kuficha kosa, na aliyekaribia kulilipia ni mtoto. Ukikosea tena, na utakosea, maana wewe ni mtu, sema siku hiyo hiyo. Kosa likisemwa mapema hutibika. Tumbo la Obore limepona kwa chakula chema na kwa uvumilivu. Na watu kukuamini tena ni hivyo hivyo, mwanangu. Itachukua muda, wala usikasirike."

Obore aliingia mbio, mkoba mgongoni, vumbi mpaka magotini. "Nina njaa!"

Aguti alimpa kikombe. Obore alikipokea, akakisogeza mdomoni, kisha akasita. Aliyanusa maziwa. Akakirudisha kikombe kwa dada yake.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Taaka aligeuka kutoka jikoni. Tata aliweka kibuyu chini. Aguti alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda kubwa, huku Obore akimkazia macho mpaka alipomeza. Kisha mtoto akanyoosha mkono, akachukua kikombe chake, akanywa.